Carey Francis: Mwalimu Mkuu Asiyeitua Chaki

Wahenga walinena kuwa cheo ni koti la kuazima. Aghalabu mwalimu apandapo kutoka darasani hadi ofisini hulisahau hilo: chaki huwekwa kando, mhuri ukashika mahali pake. Maisha ya Edward Carey Francis yanatuonyesha njia nyingine.

Alizaliwa London mwaka wa 1897. Baada ya kushiriki Vita vya Kwanza vya Dunia, alisomea hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na hatimaye akawa mhadhiri huko. Mnamo 1928 aliiacha kazi hiyo ya heshima, akajiunga na wamishonari wa Kianglikana wa CMS, akaja Kenya kuwa mwalimu mkuu wa shule ya Maseno, Nyanza.

Hayo hayakuwa mabadiliko madogo. Mhadhiri hushughulikia somo lake na wanafunzi waliokwisha kukomaa; mwalimu mkuu wa shule ya bweni hukabiliwa na masuala ya chakula, maji, karo, maradhi na utovu wa nidhamu. Carey Francis aliyabeba yote hayo bila kulihama darasa. Alifundisha hesabu, akaandika vitabu vya shule vya somo hilo, na akaingia uwanjani kucheza kandanda na wanafunzi. Mwaka wa 1940 alihamia Shule ya Upili ya Alliance, Kikuyu, akaiongoza kwa muda wa miaka 22. Huko nako ofisi haikumnyang'anya vipindi vyake.

Hata hivyo, hakuwa malaika. Alikuwa mkali, na shule aliiendesha kwa mtindo wa Kiingereza. Aidha, alipinga Mau Mau ilhali miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo waliokuwa na ndugu msituni. Mmoja wao ni Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma Alliance kuanzia 1955 hadi 1958, na ambaye baadaye alimsawiri mwalimu huyu katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka wa 2012. Kumsifu Carey Francis bila kuutaja ukoloni uliomweka kwenye kiti hicho ni kuisimulia nusu ya hadithi.

Lakini ni siku za mwisho zinazoupima uongozi wake. Alipostaafu mwaka wa 1962 hakurudi kwao kupumzika. Alikwenda Pumwani, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Nairobi, kuwa mwalimu wa kawaida katika shule ya sekondari. Kenya ilipojipatia uhuru mwaka wa 1963, baadhi ya waliokuwa wanafunzi wake walikalia viti vya uwaziri. Yeye alikuwa bado amesimama mbele ya ubao, chini ya uongozi wa mwingine. Alifariki mwaka wa 1966, akazikwa Alliance.

Wengi wetu tunaosomea ualimu tutaitwa siku moja kuongoza shule. Koti tutavalishwa, na siku ya kulivua itafika. Atakayekuwa ameishika chaki muda wote huo hatatoka mikono mitupu.