Askofu Frank Weston na Kuanza Upya



Katibu wetu ameniomba niandike machache juu ya kustaafu, maana wengi wa darasa letu tumekwisha kukabidhi ofisi. Mimi si mshauri mzuri. Miezi mitatu ya kwanza baada ya kupata kiinua mgongo changu nilikaa barazani hapa Handeni nikihesabu fedha na kuogopa. Mke wangu alichoka nami. Basi siku moja tulikwenda kuzika Muheza, na kabla ya kurudi tukapitia Magila, kwenye kaburi la Askofu Frank Weston. Jina lake nililisikia tangu utoto Kideleko, lakini sikupata kumfikiri kama mtu aliyewahi kuacha kazi moja na kushika nyingine. Kumbe ndiyo yalikuwa maisha yake.

Alizaliwa London mwaka 1871. Baba yake alifariki yeye angali mtoto. Alisoma Oxford, akafaulu elimu ya dini kwa daraja la kwanza mwaka 1893, na kwa kipaji kile angeweza kupanda vyeo kwao bila taabu. Mwaka 1898 akaja Unguja na misheni ya UMCA. Mwanachuoni yule akaanza tena kama mtoto, akijifunza Kiswahili mpaka akawa anahubiri kwa lugha hii kwa ufasaha. Mwaka 1901 akapewa chuo cha Kiungani, na mwaka 1908 akawa Askofu wa Zanzibar. Dayosisi yake ilikuwa chini ya bendera mbili: Unguja kwa Waingereza, na huku kwetu, Bonde, Korogwe na Uzigua, kwa Wajerumani. Reli ilikuwa imekwisha kufika Korogwe tangu 1902, lakini aliyetaka kuja Uzigua alitumia miguu.

Sisemi kwamba hakuwa na kosa. Mwaka 1913 wamisheni wa madhehebu mbalimbali walikutana Kikuyu, Kenya, wakashiriki meza moja ya Bwana. Yeye akawashtaki maaskofu wenzake wa Uganda na Mombasa kwamba wamepotoka katika imani. Mimi Mwanglikana naona alipita kiasi. Siku hizi mazikoni kwetu Mlutheri na Mwanglikana husimama kaburi moja, na mbingu haijaanguka.

Jaribu lililo kubwa lilikuja mwaka 1914. Vita ilipoanza, karibu dayosisi yake yote ikabaki ng'ambo ya bahari, mikononi mwa adui. Wamisheni Waingereza waliwekwa kizuizini, na mapadre na walimu Waafrika wengi walikamatwa, wakateswa. Hebu fikirini: askofu asiyeweza kuwafikia watu wake! Kazi ilibaki kwa Waafrika wachache walioachwa huru, nao ndio waliolishika kanisa. Hapo ndipo ninapomwona vizuri zaidi, maana tangu zamani alikuwa akifundisha Waafrika wawe mapadre, na sasa ilimbidi aamini kwamba kazi itasimama bila yeye. Kwangu mimi hiyo ni imani ngumu kuliko ya kusafiri. Ofisini nilikuwa nimejiaminisha kwamba nikiondoka mafaili yatapotea. Hayakupotea.

Waingereza walichukua Korogwe na Handeni Juni 1916. Mwaka huo huo serikali ilitaka wapagazi kutoka Unguja, na watu waliogopa, kwa kuwa wapagazi walikuwa wakifa kama kuku. Askofu akajitolea kuwa mkuu wao, akapewa cheo cha Meja, akatembea nao kwa miguu katika pwani ya bara, akihakikisha wanapata chakula na matibabu. Mtu wa madhabahuni kuvaa cheo cha jeshi! Na vita ilipokwisha hakuwanyamazia Waingereza wenzake: mwaka 1920 alichapisha kijitabu kuishutumu serikali yao kwa kuwalazimisha Waafrika wa Kenya kufanya kazi.

Julai 1923 aliongoza mkutano mkubwa wa Waanglikana huko London, maelfu wakimsikiliza. Angeweza kubaki huko na kuzeeka kwa heshima. Alirudi. Mwaka uliofuata alikuwa Hegongo, karibu na Magila, alipopata jipu, damu ikaingia sumu, akafariki tarehe 2 Novemba 1924. Alikuwa na miaka 53. Ni umri ambao mimi nilikuwa bado nasubiri kupandishwa cheo.

Aliacha shirika la masista, la Mateso Matakatifu, alilolianzisha mwaka 1911, likiwa changa bado. Masista hao walikuja kufanya kazi Korogwe, na huku Handeni waliuguza wagonjwa Kideleko na Kwa Mkono, miaka mingi baada ya yeye kuzikwa.

Pale kaburini sikusali sala ndefu. Mke wangu aliniuliza njiani kwa nini nimenyamaza, nikamwambia nawaza shamba la mahindi. Sasa nina ekari mbili za mahindi na miche ya michungwa ambayo pengine watakaoila ni wajukuu. Jumatano nafundisha watoto kanisani. Mtakapokuja kwenye mkutano wetu, wanaopita njia ya Muheza watenge saa moja waingie Magila. Nami nitawangoja huku Handeni na mahindi ya kuchoma, mvua ikijalia.