Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyekataa matabishi

Mama anayenunua mchele pale soko Virunga hana namna ya kujua gunia lilikaa wapi kabla ya kuvuka mupaka. Anaamini tu kwamba kule barieri kuna mtu aliyelifungua, akaangalia, akaridhika. Mwaka 2007, Floribert Bwana Chui Bin Kositi alikuwa mmoja wa watu hao.

Alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981, akakomaa katika muji uliopitia vita, wakimbizi na, mwaka 2002, moto wa Nyiragongo. Alisomea sheria. Pamoja na wenzake wa jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, alisaidia maibobo, watoto wa barabarani, kwenye Shule ya Amani. Kwa mtoto aliyezoea kufukuzwa na wakubwa, ahadi haina uzito. Anaamini yule anayerudi kesho yake.

Floribert akaingia OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Kazi yake ilihusu mizigo iliyoharibika. Ilikuwa kazi ngumu, sababu wakaaji wengi walishajua kwamba ukitoa franga mupakani njia inafunguka. Na muhuri uliouzwa mara moja watu hawauamini tena, hata siku unapogongwa kwa haki.

Kisha ukaja mchele uliooza kutoka upande wa Rwanda. Wenye mali walitaka upite, wakaleta pesa. Akakataa. Wakaongeza, wakasukuma tena. Floribert alimuuliza rafiki yake, mtawa aliyekuwa daktari, chakula cha namna ile kinaweza kumfanya nini mtu. Baada ya kusikia jibu, hakurudi nyuma. Mchele ukaharibiwa.

Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa nyara. Siku mbili baadaye maiti yake ilipatikana, ikiwa na alama za mateso. Alikuwa na miaka 26 tu.

Kifo kama hicho kinafundisha woga: kesho yake, afisa mwingine anaweza kuona heri apokee, anyamaze. Lakini wakaaji wa Goma walijua pia jambo lingine, kwamba kule mupakani kulikuwa na muhuri mmoja usiokuwa na bei. Mwezi wa pili 2023, Papa Francis alimutaja mbele ya vijana waliojaa Stade des Martyrs, Kinshasa, kama mfano wao. Tarehe 15 Juni 2025, kule Roma, Kanisa Katoliki likamtangaza mwenye heri.

Heshima hiyo peke yake haiwezi kurudisha kuaminiana kati ya raia na mwenye muhuri. Kunarudi polepole, siku afisa mwingine anapofungua gunia, anakuta limeoza, anakataa pesa. Na mama wa Virunga anapikia watoto wake bila hata kujua jina la afisa huyo.