Gertrude Jekyll, bingwa wa kurefusha msimu wa maua

Kila anayepanda maua ya kudumu anaujua ule mwezi wa hasara: maua yamekwisha, mashina yamekauka na tuta limebaki na mapengo. Mwingereza Gertrude Jekyll alilitafutia dawa tatizo hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Alizaliwa London mwaka 1843, akasomea sanaa akitaka kuwa mchoraji. Lakini macho yake yalikuwa mabovu, na mwaka 1891 daktari alimshauri aache kazi za kukazia macho kama kutarizi. Tangu hapo nguvu zake nyingi zikaenda kwenye shamba lake la ekari 15 huko Munstead Wood, Surrey, kwenye udongo wa kichanga usio na rutuba.

Tuta lake kuu lilikuwa na urefu wa mita 60 hivi na upana wa zaidi ya mita nne, na alitaka lipendeze kuanzia Julai hadi Oktoba. Delfinia zilipomaliza kuchanua, alikata vichwa vyenye mbegu na kuacha mashina yawe egemeo la njegere maua nyeupe. Hizo nazo zilipochoka, klematisi ilitambazwa juu yake. Karibu na mipopi, ambayo hunyauka mapema, alipanda jipsofila, ua lile lile ambalo mashamba ya Kenya husafirisha Ulaya, litande na kufunika pengo. Alizeti ndefu za kudumu aliziinamisha zilale juu ya mimea iliyokwisha kuchanua. Shina likilazwa hivyo, hutoa vikonyo vya maua urefu wake wote badala ya kileleni tu.

Mapengo yaliyosalia aliyaziba kwa vyungu vya yungiyungi na hidranjia vilivyotunzwa pembeni. Hapo ndipo penye gharama, maana vyungu vinataka maji na mikono kila siku. Kuinamisha shina hakudai zaidi ya kamba na kigingi.

Jekyll hakuishia kwenye kupendezesha. Aliuza miche kutoka kitalu chake kwa wenye bustani alizowachorea ramani, ambazo zilifikia karibu 400, na kuanzia mwaka 1899 aliandika vitabu vya kazi hiyo. Alifariki Desemba 1932 akiwa na miaka 89. Mwaka 2023 Munstead Wood ilinunuliwa na National Trust, shirika la hifadhi la Uingereza.