Mary Leakey na historia ya mgongo uliosimama

Mtu mzima ana mifupa 206. Kati yake, 80 ndiyo mhimili wa mwili: fuvu, uti wa mgongo, mbavu na kidari. Zamani wataalamu walibishana: binadamu alianza kupata ubongo mkubwa, au alianza kusimama wima? Leo tunamtazama Mary Leakey, aliyesaidia kulijibu swali hilo hapa Tanzania bila kuwahi kusomea shahada.

Mary Nicol alizaliwa London tarehe 6 Februari 1913. Baba yake, mchoraji, alifariki binti akiwa na miaka 13. Shuleni hakutulia, akafukuzwa, lakini kipaji cha kuchora alikuwa nacho. Kuchora zana za kale za mawe kulimkutanisha na Louis Leakey, mtafiti mzaliwa wa Kenya. Mwaka 1935 alifika Bonde la Olduvai, na mwaka 1936 wakaoana.

Tarehe 17 Julai 1959, Louis akiwa mgonjwa kambini, Mary alitoka na mbwa wake. Aliona mfupa umechomoza ardhini. Lilikuwa fuvu la Zinjanthropus, lenye miaka takriban milioni 1.75.

Wataalamu hutazama tundu la fuvu linalokutana na shingo. Kwa mnyama wa miguu minne, tundu liko upande wa nyuma. Kwa anayesimama, liko chini, kichwa kikae juu ya shingo kama ndoo ya maji kichwani kwa mama. Tundu la Zinjanthropus liko chini, ingawa ubongo wake haukufikia nusu ya wetu.

Louis alifariki mwaka 1972, Mary akaendelea na kazi. Mwaka 1978 kundi lake lilifukua Laetoli, Ngorongoro, nyayo zilizoganda katika majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita. Waliozikanyaga walitembea kwa miguu miwili, kabla ya zana zozote za mawe zinazojulikana. Mgongo ulisimama kwanza. Ubongo mkubwa ukafuata baadaye sana.

Mary alifariki Nairobi tarehe 9 Desemba 1996, akiwa na miaka 83. Fuvu lile lilirudishwa Tanzania mwaka 1965 na kuhifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Kwetu Lalago, barabara ya Mwanhuzi kwenda Oldeani inaelekea huko huko Ngorongoro. Msikilizaji, mgongo unaokuuma baada ya kutwa nzima ya kupalilia pamba umetoka mbali.