Christian Anfinsen: mtu wa kukamata protini moja kati ya maelfu

Iga Barrière, wilayani Djugu, mchimbaji wa dhahabu anajua kazi ya zebaki. Mchanga ni mwingi, dhahabu ni kidogo. Zebaki inaacha mchanga, inashika dhahabu peke yake. Halafu inachomwa, inageuka moshi wenye sumu, na dhahabu inabaki. Kuna mtu aliyesaidia dunia kufanya kazi ya namna hiyo na protini, tena bila sumu ya zebaki. Jina lake ni Christian Anfinsen.

Alizaliwa tarehe 26 Machi 1916 kule Monessen, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Wazazi wake walitoka Norway. Mwaka 1939 alienda kusoma protini mjini Copenhagen, lakini vita ikamrudisha nyumbani. Alipata udaktari wa Harvard mwaka 1943, na kuanzia 1950 akafanya kazi katika taasisi ya afya ya serikali, NIH, kule Bethesda.

Shida ya watafiti wakati ule ilikuwa moja. Ndani ya damu au chembe ya mwili mna maelfu ya protini zilizochanganyika. Kupata moja tu iliyo safi kulichukua majuma, na nyingi ilipotea njiani.

Mwaka 1968, Anfinsen pamoja na vijana wawili, Pedro Cuatrecasas na Meir Wilchek, walitoa jibu. Walichukua punje ndogo zilizotengenezwa kutokana na mwani wa bahari, wakabandika juu yake kitu ambacho protini wanayoitafuta inakipenda. Punje zikajazwa ndani ya bomba, mchanganyiko ukamiminwa juu. Protini nyingine zote zikapita, ile moja ikanasa. Baadaye wakabadilisha maji kwa kutia asidi, protini ikaachia, ikatoka safi. Wazo hilo lilikuwa na mizizi ya zamani: mwaka 1910 Emil Starkenstein alikuwa amekwisha kunasa kimeng'enya kwa wanga. Lakini hawa watatu ndio waliolifanya liwe njia ya kila maabara, na ndio walioipa jina.

Mwaka 1972 Anfinsen alipata Tuzo ya Nobel ya kemia, kwa kazi nyingine: kuonyesha kwamba protini iliyokunjuliwa inaweza kujikunja yenyewe na kurudia umbo lake. Alikufa tarehe 14 Mei 1995.

Mwezi huo huo, Ebola ilikuwa inaua watu Kikwit. Mgonjwa mmoja alipona. Miaka mingi baadaye alitoa damu yake, na watafiti wa Kongo pamoja na wale wa NIH, taasisi ileile ya Anfinsen, wakapata humo kingamwili iliyozaa dawa ya mAb114. Kiwandani, kingamwili za aina hiyo husafishwa kwa bomba lenye punje zinazozinasa.

Ebola ilipopiga Kivu Kaskazini na Ituri kati ya 2018 na 2020, watu wengi waliogopa dawa, eti imeletwa na wageni kwa kuua. Lakini jaribio lililofanywa Beni, Butembo, Katwa na Mangina lilionyesha hivi: kati ya waliopewa mAb114 walikufa 35 kwa mia, kati ya waliopewa ZMapp, karibu 50 kwa mia. Dawa hiyo ilianzia katika damu ya Mkongomani, ikafika kwa mgonjwa ikiwa safi kwa njia ya Anfinsen.