Wilson: Kutoka kwenye Bomu Hadi kwenye Tiba

Ami yangu aliugua saratani ya koo. Alitibiwa kwa mionzi akapona, alhamdulillahi. Lakini tangu hapo mdomo wake umekauka. Wali haumshuki bila maji, na haluwa, aliyokuwa akiipenda kuliko sote nyumbani, sasa humganda kwenye ufizi. Mionzi iliyouua uvimbe iliziunguza pia tezi za mate. Kumtazama akila ndiko kulikonifanya niyafuatilie maisha ya marehemu Robert Wilson, Mmarekani ambaye wengi wetu hatumjui, ijapokuwa mbele ya wataalamu wa fizikia jina lake ni kubwa.

Alizaliwa mwaka 1914 huko Frontier, jimbo la Wyoming, nchi ya wachunga ng'ombe. Alisoma Berkeley, California, chini ya Ernest Lawrence, yule aliyebuni siklotroni, mashine ya kuzungusha chembe za atomu mpaka zikaenda kwa kasi ya ajabu. Mwalimu huyo alimfukuza kazi mara mbili. Mara moja ilikuwa kwa koleo ya bei ghali aliyoiyeyusha!

Wakati wa vita alikwenda Los Alamos, akawa mkuu wa idara ya utafiti katika kazi ya kuunda bomu la atomiki. Ujerumani ilisalimu amri Mei 1945, bomu likiwa bado halijajaribiwa, naye hakuondoka. Jambo hilo lilimchoma moyo hadi uzeeni. Nami simtetei, kwani yaliyowafika watu wa Hiroshima na Nagasaki yanajulikana.

Vita vilipokwisha alipewa kazi ya kuchora siklotroni mpya ya Chuo Kikuu cha Harvard. Alipokuwa akipiga hesabu za ukuta wa kuwakinga wafanyakazi, akaliona jambo. Eksirei huingia mwilini ikatokea upande wa pili, ikiunguza njia nzima. Protoni sivyo. Huenda ikipunguza mwendo, na inapokaribia mwisho wa safari hutua sehemu kubwa ya mzigo wake, kisha husimama. Basi kwa nini daktari asiisimamishe ndani ya uvimbe wenyewe? Mwaka 1946, akiwa na umri wa miaka 32, aliyaandika hayo katika jarida la Radiology. Baadaye alikiri kwamba kazi hiyo ilikuwa kama kafara ya lile bomu.

Mgonjwa wa kwanza alitibiwa Berkeley mwaka 1954. Wilson alikuwa kashika njia nyingine: alifundisha Cornell, na mwaka 1967 akawa mkurugenzi wa kwanza wa maabara ya Fermilab, Illinois, ambako alichonga masanamu na kufuga nyati wa Kimarekani. Ni Fermilab hiyo hiyo iliyoiundia hospitali ya Loma Linda mashine ya protoni, iliyoanza kutibu mwaka 1990.

Lakini nani apewe tiba hiyo? Mashine ni ghali, nafasi ni chache, na wako ambao eksirei yawatosha. Waholanzi wameshika njia ya hesabu. Mgonjwa wa saratani ya kichwa au shingo huweza kuchorewa mipango miwili, wa eksirei na wa protoni. Kila mpango huonyesha mionzi itakayoziangukia tezi za mate na misuli ya kumezea, na kutokana na hapo hukadiriwa uwezekano wa mdomo kukauka au chakula kutopita. Protoni ikipunguza uwezekano wa madhara ya wastani kwa asilimia 10, au ya makali zaidi kwa asilimia 5, mgonjwa hupelekwa kwenye protoni. Groningen walianza kutibu hivyo mwaka 2018. Hesabu zenyewe zimetokana na wagonjwa waliotangulia, waliosema wazi walichopoteza. Bado ni makisio, lakini ni bora kuliko kupiga kura.

Wilson hakuyawahi hayo. Alifariki Januari 2000, akiwa na miaka 85, akazikwa katika makaburi ya kale ya walowezi, ndani ya eneo la Fermilab.

Nilimsimulia ami habari hizi. Akataka kujua kama yeye angalifika hiyo kumi. Nikamwambia kwamba hapana wa kumjibu, maana yeye alichorewa mpango mmoja tu. Akanyamaza, kisha akaniomba nimwongezee maji.