Maisha ya Daktari David Livingstone na Siku Zake katika Inchi ya Kabambare

Katika kitabu cha Yubile, wasomaji hungojea kukuta maisha ya Wapadri, ya Masista na ya Wakatekista waliojenga Kanisa. Hao wamepewa nafasi yao. Lakini tumeona vema kuweka kati yao mtu mmoja ambaye hakuwa Padri wala Mkatolika, naye ni Daktari David Livingstone. Huenda wengine watashangaa. Tunawajibu kwamba Mtaguso wa Vatikano wa Pili umetufundisha kutambua kwa furaha kazi ya Roho Mtakatifu hata kwa ndugu zetu waliotengana nasi. Tena mtu huyo aliumwa, alifunga, alisali na kusoma Neno la Mungu katika inchi yetu hii ya Kabambare, miaka zaidi ya thelathini kabla ya Wapadri Weupe kufika Kasongo. Alikuja kutafuta chemchemi za mto. Sisi twasadiki kwamba humu alikutana na utakatifu wa Mungu, na jambo hilo halikumfurahisha daima.

Alizaliwa tarehe 19 mwezi wa tatu 1813 huko Blantyre katika inchi ya Uskoti, katika jamaa maskini. Akiwa na umri wa miaka kumi tu alianza kazi katika kiwanda cha pamba, na usiku alijifunza Kilatini. Baadaye alisoma uganga huko Glasgow, akawekwa kuwa mchungaji mwaka wa 1840, akatumwa Afrika ya Kusini. Huko alimbatiza sultani Sechele mwaka wa 1848, na kwa muda usiotimia mwaka Sechele akamrudia mmoja wa wake zake wa zamani. Wengi husema kwamba huyo ndiye Mkristu wa pekee aliyempata katika maisha yake yote. (Tusisahau lakini kwamba Sechele mwenyewe aliendelea kuwafundisha watu wake Injili.) Kisha Livingstone akavuka bara toka bahari hata bahari, akajulikana duniani kote, akaongoza msafara wa mto Zambezi tangu 1858 hata 1864. Msafara ule ulikuwa na matata mengi, na mke wake Mary alikufa humo mwaka wa 1862. Sifa zilikuwa nyingi, lakini mavuno ya roho hayakuonekana. Mwaka wa 1866 alirudi kwa mara ya mwisho, akitaka kujua mto Nili watoka wapi, na akitaka vile vile kuonyesha wafalme wa Ulaya ubaya wa biashara ya watumwa.

Hapo ndipo habari zake zinapotugusa sisi. Mwanzoni mwa mwaka wa 1869 alishikwa na ugonjwa mkali wa mapafu, akawa hawezi tena kutembea. Aliyemwokoa ni mfanyi biashara Muhammad bin Gharib. Huyo alimpa dawa, akamlisha, akaamuru wapagazi wambebe kitandani mpaka ziwa Tanganyika. Kazi ya Muhammad bin Gharib ilikuwa pembe za tembo na watumwa. Basi Livingstone, adui mkubwa wa utumwa, alipona kwa mkono wa mtu wa utumwa. Tena alipovuka ziwa mwezi wa saba 1869 kuja Maniema, alikuja akifwatana na watu hao hao, akala chakula chao, akalala ndani ya boma lao. Asingekuwa nao asingefika. Tunalisema jambo hili waziwazi, kwa sababu vitabu vingi vya zamani vinalipita upesi, na pasipo hilo hatuwezi kufahamu yaliyompata.

Alifika Kabambare, ambako yeye aliandika Bambarre, tarehe 21 mwezi wa tisa 1869. Sultani wa mahali pale, ambaye Livingstone aliandika jina lake Moenekuss, alikuwa amekufa karibuni, na wana wawili walikuwa wamemrithi. Aliisifu inchi yetu kwa milima yake, misitu yake, mashamba yake na mafundi wake wa chuma. Alijaribu kuufikia mto Lualaba kwa njia ya Luama, lakini wenyeji waliogopa kila msafara wenye bunduki, naye akarudishwa. Akajaribu tena upande wa kaskazini, kwenye matope na mvua. Mwezi wa sita 1870 wapagazi wake karibu wote walimkataa, akabaki na watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Miguu yake ikatoka vidonda vilivyokula nyama hata karibu na mfupa. Tarehe 22 mwezi wa saba alirudi Kabambare akichechemea, akaingia katika nyumba yake, wala hakutoka nje tena mpaka mwezi wa kumi. Alihesabu siku hizo, nazo zilikuwa themanini.

Tufikiri kidogo juu ya siku hizo themanini. Mtu aliyekwenda maelfu ya kilometa kwa miguu alinyimwa miguu. Kila alipoweka unyayo chini, damu ilitoka. Usiku alisikia kilio cha watumwa waliokuwa na vidonda kama vyake. Alikosa dawa, barua, karatasi na mwenzake wa kuongea naye kwa lugha yake. Dawa iliyomsaidia mwishoni ilikuwa jiwe la kijani la shaba kutoka Katanga, alilolisaga pamoja na maji na kulipaka kwa unyoya. Kitabu kimoja hakikumwacha, nacho ni Biblia. Aliisoma yote, toka mwanzo hata mwisho, mara nne alipokuwa katika inchi ya Maniema. Wakristu wangapi kati yetu tumeisoma yote hata mara moja?

Katika siku hizo aliwaza sana habari za Musa, kwa maana alikuwa amesikia hadithi za kale kwamba Musa alipata kufika upande wa juu wa Nili, naye alitumaini kukuta alama yake. Hakuikuta, wala mto Lualaba haukuwa Nili. Ni mto wetu wa Kongo. Lakini sisi tunapomfikiri Musa, twakumbuka kile kijiti kilichowaka moto bila kuteketea, na amri ya kuvua viatu kwa sababu mahali pale palikuwa patakatifu. Musa aliviacha viatu vyake kwa kutii. Livingstone hakuweza hata kuvivaa. Wapo watu ambao Mungu huwakaribisha mbele yake kwa kuwanyang'anya kwanza vile walivyovitegemea, na katika maisha ya Kikristu hatujui njia iliyo ngumu kupita hiyo.

Utakatifu wa Mungu si neno la uzuri tu, la nyimbo na ubani. Nabii Isaya alipouona katika hekalu alitambua kwanza uchafu wa midomo yake, na uchafu wa watu aliokaa kati yao. Livingstone naye alikaa kati ya watu gani? Aliandika kwamba watumwa wa mfanyi biashara mmoja walivunja vijiji tisa na kuwaua watu mia moja, kwa ajili ya uzi mmoja wa shanga uliotaka kuibiwa. Aliandika pia juu ya ugonjwa aliouona kwa watu huru waliotekwa na kufungwa minyororo: hawakuwa na homa wala kidonda, walishika tu kifua, mahali pa moyo, na baada ya siku chache wakafa. Yeye aliye mganga alikiri kwamba walikufa kwa kuvunjika moyo. Hao ni babu zetu. Na jioni mwandishi wa habari hizo alipokea chakula kutoka boma lile lile lililowafunga.

Hapa yafaa tuseme neno juu yetu wenyewe. Lugha hii ya Kingwana tunayosalia, tunayoungamia na tunayoimbia Misa, ililetwa na misafara ile ile. Ni lugha ya waungwana, ndiyo maana ya jina lake. Iliingia Kasongo na Kabambare pamoja na bunduki na minyororo, na leo inatamka jina la Mungu Mtatu Mtakatifu. Kwa hiyo tusiwe wepesi kumhukumu mtu aliyekula katika chungu kichafu.

Mwezi wa pili 1871 watu kumi walifika kutoka pwani, wametumwa kwake toka Unguja. Tarehe 16 aliondoka nao Kabambare, na mwisho wa mwezi wa tatu alifika Nyangwe, kwenye Lualaba. Alikuwa Mzungu wa kwanza kufika pale. Alikaa muda wa miezi mitatu na nusu akitafuta mtumbwi, lakini hakupewa. Siku za soko alipenda kwenda kuketi kati ya wanawake waliokuja na samaki, chumvi, mafuta ya mawese, vyungu na kuku. Walifika toka ngambo zote mbili, hata elfu tatu siku moja, na kwa desturi ya inchi hakuna vita iliyoweza kumgusa mwanamke anayekwenda sokoni.

Tarehe 15 mwezi wa saba 1871 walikuwako wapata elfu moja na mia tano. Watu watatu wa msafara wa Dugumbe waliingia sokoni na bunduki, jambo lisilo desturi. Livingstone alikuwa akiondoka, akawaona wakibishana bei ya kuku. Mara risasi zikalia. Wanawake wakatupa mizigo yao wakakimbilia mitumbwi, na pale kwenye kijito kikosi kingine kikawapiga risasi. Mitumbwi ilijaa ikazama. Vichwa vilionekana mstari mrefu juu ya maji, vikielekea kisiwa kilichokuwa mbali, navyo vikapotea kimoja kimoja. Wafanyi biashara wenyewe walihesabu waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Ngambo ya pili vijiji vilikuwa vikiungua.

Livingstone alishika bastola yake akitaka kuwapiga wauaji, Dugumbe akamzuia. Aliwatuma watu wake na bendera kuokoa waliokimbia, na wapata thelathini wakarudishwa kwa jamaa zao. Zaidi ya hayo hakuweza. Siku tano baadaye aliondoka Nyangwe. Alikuwa angali akiamini kwamba siri ya Nili iko mbele kidogo tu, lakini hakukubali tena kupata mtumbwi, watu au njia kutoka mikono ile. Twaona kwamba hapo ndipo alipotengwa kweli, kama maana ya kwanza ya neno takatifu inavyotaka. Miaka miwili alikuwa amevumilia kwa ajili ya kazi yake. Siku hiyo kazi yenyewe aliiacha nyuma ya mgongo wake, akarudi Ujiji, mgonjwa na maskini, ambako alikuta mali yake yote imeuzwa na mtu aliyeaminiwa kuitunza. Muda mfupi baadaye Stanley akamkuta huko.

Hatutaki kumfanya malaika. Kwa kukosa karatasi aliandika habari za mwaka ule juu ya magazeti ya zamani, kwa wino wa rangi ya mti wa inchi, akikatiza mistari iliyopigwa chapa. Maandiko hayo yalififia hata yakawa hayasomeki. Mwaka wa 2011 wataalamu walitangaza kwamba wameyasoma kwa msaada wa taa za namna mbalimbali, nao walikuta habari juu ya ukali na ubaya wa watu wake mwenyewe, wale waliotoka Unguja, ambazo hazikuonekana katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka wa 1874. Kumbe uchafu haukuwa katika boma la jirani tu. Aliujua, akauandika, kisha ukafutika njiani.

Habari za Nyangwe zilifika Uingereza mwaka wa 1872, zikawachoma watu wengi. Tarehe 5 mwezi wa sita 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano ya kufunga soko la watumwa la Unguja. Livingstone hakuijua habari hiyo. Alikuwa amekufa mwanzoni mwa mwezi wa tano mwaka ule, katika mji wa Chitambo, inchi ya Zambia ya leo. Alfajiri watu wake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, kichwa mikononi. Susi, Chuma na wenzao walizika moyo wake chini ya mti, wakakausha mwili, wakaubeba kwa muda wa miezi mingi mpaka pwani. Mwezi wa pili 1874 waliingia Bagamoyo, na nyumba ya Mungu iliyoupokea mwili wa huyo Mprotestanti ilikuwa kanisa la Wapadri wa Roho Mtakatifu. Kisha ukapelekwa London, ukazikwa katika Westminster Abbey tarehe 18 mwezi wa nne. Miaka minne baadaye Wapadri Weupe wa kwanza walianza safari yao toka Bagamoyo hiyo hiyo kuja kwenye maziwa makubwa, na mwaka wa 1888 Kardinali Lavigerie alipohubiri Ulaya dhidi ya utumwa, alimtaja Livingstone kwa heshima.

Wale waliombeba walilipwa mshahara wao huko pwani wakaruhusiwa kwenda zao. Susi, aliyekaa naye Kabambare siku zote themanini, alikuwa Mwislamu. Livingstone hakumshurutisha kamwe. Mwaka wa 1886, miaka kumi na mitatu baada ya kifo kile, Susi aliomba Ubatizo huko Unguja, na alipoulizwa jina, alichagua David.